Pilipili Zilizotemwa Matangani

Mama,

Nakusalimu kwa heshima zote, lakini usitarajie barua ya upole. Roho imenichafuka tangu siku ile tulipokuzika, na kila nikidhani imetulia, nawasikia tena wale wanawake wakitema mate uani kwetu. Wewe ulikuwa umeshatangulia, hukuyaona. Wacha nikusimulie mimi.

Unajua kila mwaka, kabla masika hayajaingia, ulivyokuwa ukiihangaikia mipilipili yako. Uliikata matawi yote ukabakisha visiki, ukaipukutisha majani, kisha ukaingiza ile mikebe ya rangi ukumbini mmoja mmoja mpaka wageni wakakosa pa kukaa. Mtaa wetu mzima wa Mjambere ulikucheka kwamba wafuga vijiti. Ukiwajibu bila hata kugeuka, "Yalala hiyo. Mvua na baridi zikisha, itaamka." Na kweli ikiamka, wao wao walikuwa wa kwanza kuja na vibakuli.

Mwaka huu ulikuwa kitandani, na mimi nilikuwa nikikuuguza. Masika yakaingia mikebe ikiwa bado nje, na miti imejaa pilipili mbuzi za manjano ambazo hakuna aliyezichuma. Ulipofariki, wanawake walizungusha mashuka uani, shimo la maji likachimbwa, ukaoshwa hapo. Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Shimo hilo, ule ufuo wa kuoshea maiti, likajaa, maji yakafurika yakapita chini ya mikebe yako yote, nayo ile ina matundu chini. Niliona, lakini siku ile nani alikuwa na akili ya kuhamisha mikebe?

Sasa sikia. Baada ya maziko pilau likapakuliwa, na Khalati Zuhura, mdogo wako, akasema pilau bila kachumbari halishuki. Akaenda uani mwenyewe na sahani, akachuma pilipili zako tele, akazikatakata kwenye nyanya na vitunguu. Watu wakala, Mama. Walikula wakisifu harufu yake, wakisema mkono wako hauna mfano, Mungu akurehemu. Ndipo mwanamke mmoja, simtaji, akauliza kwa sauti, "Kwani hizi pilipili si za pale uani palipooshwa maiti?"

Kisha nikaona kitu ambacho sitakisahau. Waliinuka mmoja baada ya mwingine wakakimbilia kwenye mtaro wa uani, wakatema, wakasukutua, wengine wakatia vidole kooni. Khalati alikuwa mbele yao, leso imemwanguka, anakohoa na kulia, "Lahaula! Wamenilisha maji ya maiti!" Wamenilisha! Na aliyechuma ni yeye. Udongo wa kaburi lako ulikuwa bado mbichi, na hao jamaa zako wamepanga safu mtaroni wanakutapika.

Nilisimama mlangoni na birika mkononi. Sikuwahi kuwachukia watu namna ile.

Siku ya pili nilipoamka, uani hapakuwa na mkebe hata mmoja. Khalati alikuwa amewalipa vijana wa mkokoteni wakabeba kila kitu hadi jaani. Nilipomuuliza, alinijibu bila kunitazama, "Zimetupwa. Mimi sitii mdomoni, na wewe hutii." Huenda ndiyo njia yake ya kulia, sijui. Mlinyonya ziwa moja na msiba wake ni mzito. Lakini leo sina nafasi ya kumhurumia.

Nilikwenda jaani. Mama, ni mimi huyu, mwanao mwenye kinyaa, niliyekuwa sinywi kikombe alichonywea mtu mpaka nikisugue na majivu. Unakumbuka ile ndoo yako ya matumbo ya samaki uliyoivundisha kwa ajili ya mbolea? Nilikuwa nikizunguka nyumba nzima nipitie mlango wa mbele nisiione. Ulicheka ukasema, "Ungezaliwa malaika wewe, usiwe na haja ya choo." Basi huyo malaika wako aliingia jaani kwa miguu yake, na mvua inanyesha. Nepi za watoto, vichwa vya papa, mifuko iliyofungwa ambayo sikutaka kujua ina nini. Nilipopindua kipande cha godoro, funza walikuwa wanachemka chini yake kama wali. Nilitapika, nikajifuta, nikaendelea kuchimba kwa mikono. Miti mingi ilikuwa imevunjika. Niliipata miwili iliyobaki na mizizi, nikairudisha nyumbani nimeifunga ndani ya buibui langu kuukuu, na uvundo wake haukunitoka puani wiki nzima.

Niliikata kama ulivyokuwa ukiikata. Niliosha mizizi, nikaipa udongo mpya, nikaiweka chumbani kwangu karibu na dirisha, mbali na mvua. Maji niliyatia kidogo sana, kwa sababu nilikumbuka ukinigombeza kwamba ninauzamisha mti uliolala. Mmoja ulioza ukawa mweusi. Wa pili ulikaa kimya masika yote na kipupwe chote, kijiti tu, na mimi nikawa nakwangua ganda lake kwa ukucha nione kama ndani bado kuna ubichi. Upepo ulipogeuka, mti ulitoa chipukizi, Mama. Nililia peke yangu chumbani.

Mti umezaa sasa. Na hapa ndipo roho iliponichafuka mara ya pili.

Nilimpelekea pilipili kwanza Mama Rukia, muuza viazi karai, ambaye mchuzi wake wa ukwaju ulisifika mtaa mzima kwa sababu ya pilipili zako. Alizitazama, machozi yakamtoka, akasema wateja wakisikia atafunga kibanda. Yeye simlaumu, alinambia ukweli. Nikaenda kwa ustadhi wa madrasa kumuuliza hukumu yake. Akanitolea maelezo marefu na mazuri, kwamba mwili wa Muislamu si najisi, kwamba ardhi imeshanyeshewa miezi, osha ule. Nikafurahi. Nikamfungulia mfuko nikamwambia karibu, chukua za nyumbani. Akajishika tumbo, akasema siku hizi pilipili hazimpendi. Huyo huyo aliyekuwa akituma watoto kwako kila Ramadhani! Nilifunga mfuko wangu nikaondoka, na njia nzima nilikuwa nasonya.

Lakini nisikufiche. Hata mimi ilinishinda. Nilichuma ya kwanza, nikaiosha, nikaiweka kwenye kibao, na kisu kikagoma mkononi. Nilihisi kichefuchefu kilekile cha mtaroni. Nikajiona sina tofauti na wao, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Nilikaa jikoni nikijiuliza ninachukia nini hasa. Hayo maji ni maji gani?

Ni maji niliyoyamimina mimi. Bibi aliyekuosha alinipa kata akaniambia mimina taratibu, nami nikamimina. Yalipita kwenye nywele zako, mabegani, kwenye kile kidole chako kilichopinda. Nilikushika, nikakugeuza, nikakusuka nywele kwa mara ya mwisho. Mimi ninayechefukwa na kikombe cha jirani, siku ile sikuhisi kinyaa hata kidogo. Ulikuwa mama yangu.

Ijumaa Khalati alikuja kula. Nilipika wali wa nazi na samaki wa kukaanga, nikaketi naye mkekani, nikaweka pilipili moja nzima kwenye ukingo wa sahani yangu. Aliitambua papo hapo. "Usithubutu," akasema. Niling'ata. Nilitafuna mpaka masikio yakapiga kelele, kamasi na machozi vikanitoka pamoja, na wewe wajua pilipili mbuzi zako hazina huruma. Khalati alivuta sahani yake upande. Niliimaliza, nikabakisha kikonyo. Kisha nikamwambia, kwa sauti iliyonisalia, kwamba maji yale niliyamimina mimi, na kama ni uchafu basi aanze kunitema mimi. Aliinuka, akajifunga leso yake, akaondoka bila kuaga. Hajarudi tangu siku hiyo, na sijamfuata.

Mbegu nimezitoa, zinakauka kivulini juu ya gazeti. Nitazipanda zote, na kila mwaka mvua ikikaribia nitaikata miti na kuilaza ndani. Atakayekuja na kibakuli nitamwambia kwanza zimetoka kwenye mti gani na umepitiwa na maji gani, halafu achague mwenyewe. Atakayekataa na akatae, njia anaijua.

Pumzika, Mama. Pilipili zako zitaliwa nyumba hii, hata kama ni na mimi peke yangu.

Mwanao,
Mwanasha