Majani ya Jikoni

Vogelsberg, Oktoba 1919

Dada yangu mpenzi Gela,

Salamu nyingi kutoka huku milimani, nyingi kuliko viazi tulivyovuna. Sisi wazima. Mke wangu Dorth anakohoa, ila ulimi wake haujaugua hata siku moja. Ninyi huko Amerika hamjambo? Vita vilizifunga barua. Sasa zinapita, na yako nimeisoma mpaka mikunjo imechanika.

Umeuliza kama mama alizikwa kwa mlio wa kengele yetu, kama alivyotamani siku zote. Dada, kijiji kizima hakuna mwenye bahati kama mdogo wako! Kamba niliivuta mimi, kwa mikono hii hii, na mlio ukatoka mtamu hata ng'ombe wa kule kwenye kinu cha unga wakaacha kula.

Kanisa letu lingali limesimama. Boriti zimepinda kama mgongo wa bibi, na udongo wa kati yake unabanduka. Mwaka wa kumi na saba, majira ya kuchipua, ikaja amri: kengele ziende kuyeyushwa kwa ajili ya vita. Zingesalimika zile za kale tu, zenye nakshi ya thamani. Yetu unaikumbuka, malaika wanne na majani ya mzabibu kiunoni. Mchungaji akasema mtaalamu wa mjini anayezikagua hana nafasi ya kuja, apelekewe chapa: karatasi iwekwe juu ya nakshi, isuguliwe kwa nta nyeusi ya fundi viatu.

Nani apande? Mimi nilikuwa nimeshatangaza baa kwamba mnara ule naupanda kwa mkono mmoja, wa pili umeshika bia. Mama Lips mwenye baa akanicheka mbele ya watu: “Wee Balser, ukipanda kiti tu unashika ukuta!” Nikaapa kwamba nitapanda.

Nikapanda. Ngazi mbili. Ya tatu, magoti yakakumbuka siku ile nilipoanguka kutoka paa la ghala, yakagoma. Nikarudi nyumbani, nikaitandaza karatasi kwenye bamba la chuma la jiko letu, lile lenye sanamu ya mjane wa Biblia na mitungi yake ya mafuta, na majani pembeni. Nikasugua majani tu. Mama alikuwa anachambua maharage. Akaniuliza kengele imeshuka lini ikaja kukaa jikoni. Nikamwambia, “Majani ni majani, mama.” Hakucheka.

Chapa ikapelekwa mjini. Kumbe mkono wa mtungi mmoja ulikuwa umeingia ndani yake. Mtaalamu akajibu kwa barua kwamba majiko ya namna hiyo ameyaona mengi, na kengele isiyo na ushahidi ichukuliwe. Mchungaji aliniita peke yangu. Akaniuliza mara moja tu kama nilipanda. Nikasema nilipanda. Akaikunja ile barua, akaitia ndani ya Biblia, na mpaka leo hajamwambia mtu. Watu wanawalaani wakubwa wa mjini, nami ndiye ninayelaani kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kengele ilishushwa mwezi wa Julai. Wanawake waliivika matawi ya msonobari kama bibi harusi. Mama akampapasa malaika mmoja usoni, taratibu, kisha akanitazama mimi. Alijua, Dada. Hakunitaja kwa mtu. Jioni ile alinipakulia supu kama kawaida, kipande kikubwa cha nyama akaniwekea mimi.

Alifariki Novemba, mwaka ule ule. Sasa hesabu mwenyewe miezi.

Nisalimie shemeji na watoto. Dorth anakusalimu, na Mama Lips pia, anasema umtumie kofia yenye manyoya. Mungu akulinde kuliko nilivyoilinda mimi kengele yake.

Mdogo wako,
Balser

Kamba sikuivuta. Hapakuwa na kengele. Mama alizikwa kimya, tukisikia koleo tu, na ni kwa sababu yangu.