Kanzu ya Baba Imepata Mwenyewe

Kipatimu,
Kilwa.
14 Julai, 2024

Mpendwa mdogo wangu Yassini,

Salamu nyingi zikufikie hapo chuoni. Hujambo? Unakula? Kifua hakikusumbui na hizo hewa za maabara? Sisi huku wazima, ila baba, ambaye yuko kaburini kama ulivyoarifiwa.

Nimeandika karatasi kwa sababu simu zangu hupokei. Nimempa Jafari, mtoto wa jirani, akukabidhi mkononi. Usimnunie, hajui kilichomo.

Baba aliugua tumbo, hakukawia. Alikuulizia wewe tu. Kila aliyekuja kumjulia hali alielezwa upya kwamba mwanawe anasoma Kemia, shahada kamili, hata wale waliokwishachoka kuisikia. Alipokata roho tulimsihi shehe tumlaze hadi kesho yake, nawe uwahi basi. Shehe alinuna, akakubali. Ndipo ukatuma ujumbe: "Nina mtihani wa maabara kesho, nikikosa narudia mwaka. Zikeni tu." Mjomba Bakari aliusoma kwa sauti mbele ya watu, akidhani unasema umeshapanda gari.

Sasa nikueleze mwenyewe, maana wengine wanakuonea haya. Mtani wetu Likwata alikuja kufanya utani wa msiba. Tulitegemea amwigize marehemu, ule mwendo wake wa kuchechemea. Wapi! Alikuigiza wewe. Alichukua kanzu ya baba akaivaa kama koti lako la maabara, akashika chupa mbili za soda zenye maji, akawa anadondosha tone, anachungulia, anadondosha tena, kama ulivyotuonyesha ulipokuja likizo. Watu wakamwambia jeneza linatoka. Akajibu, "Ngojeni jamani, rangi haijageuka!" Uwanja mzima ulicheka. Mimi nilicheka, sikufichi. Mama alicheka hadi akashika mbavu, kisha akalia.

Sisi wanawake hatukwenda makaburini, lakini mjomba alitusimulia. Shehe aliita mtoto wa kiume ashuke ampokee baba yake. Hukuwepo. Likwata akaweka chupa chini, akashuka na kanzu ileile, akampokea baba, akamlaza. Alipopanda hakuwa na mzaha tena.

Desturi unaijua: alichochukua mtani hukirudisha msiba ukiisha. Siku ya kuanua matanga alikuja na kanzu imefuliwa, imekunjwa vizuri. Mama akamrudishia mikononi. "Kaa nayo, mwanangu," akamwambia. Ni ile kanzu baba aliyokuwa anakuwekea uvae siku ya mahafali yako. Nilitaka kumkumbusha mama, nikaona anaikumbuka kuliko mimi.

Kwenye ujumbe wako wa juzi umeuliza kama uje arobaini uongoze dua. Njoo, hakuna aliyekufungia mlango. Utatandikiwa mkeka barazani pamoja na wageni, na chai utapata. Dua ataongoza Likwata. Mimi nimekukasirikia sana, Yassini, na sijui hasira hii itaniisha lini.

Mwenyezi Mungu akufaulishe mtihani huo, usije ukawa umemkosa baba bure.

Mjomba Bakari anakusalimu, na jirani yetu mzee Romani pia. Nilimwuliza mama kama ana salamu kwa mwanawe. Akasema Likwata amepita asubuhi, wamekwishasalimiana.

Ni mimi dada yako, ambaye bado anakupenda,
Esha