Landrova Yangu Imelala Mtoni

Mutsamudu, Jumanne. Mvua siku ya tatu. Nguo hazikauki, na mimi nina aibu.

Niianze hiyo aibu mapema, nisije nikaipamba baadaye. Naandika kwa Kiswahili cha Unguja nilikokulia, maana wenye nyumba niliyopanga wanapenda kuchungulia na hiki hawakisomi.

Leo nimeingiza gari mtoni na mwanamke mwenye uchungu wa uzazi ndani.

Sisi madereva wa kujitolea tuko wanne. Watatu ni wa hapa kisiwani Nzuwani. Mimi ni wa Ntsudjini, jirani na Moroni, nimeletwa na meli pamoja na Landrova yangu kwa sababu gari la wagonjwa la hapa limekufa. Magari mapya kisiwani ni ya mamluki wa Kizungu wa serikali, na hayo hayabebi wagonjwa. Basi ikija habari ya mgonjwa milimani, hospitali inamtuma mtu kwetu.

Kwetu Ngazija, kisiwa cha Moroni, hatuna mito. Mvua inyeshe kutwa kucha, mawe ya Karthala, mlima wetu wa moto, yanainywa yote. Ukiona maji barabarani unakanyaga mafuta, unapita. Miaka yote nimeendesha hivyo, nikajiona bingwa. Hapa nilipowaona wenzangu wakishuka kwenye kila kijito kupima kina kwa fimbo, niliwacheka. Niliwaambia wanaogopa maji ya kutawadhia.

Asubuhi tulimfuata Zainaba, mke wa kuli wa bandarini. Alikuwa kwa mama yake mlimani, uchungu umemshika tangu jana, na mtoto amekaa vibaya. Wakati wa kupanda, mto ulikuwa wa magotini. Tuliporudi umekuwa mwekundu, unaviringisha mawe.

Mwenzangu Bakari, mmoja wa wale watatu, alinishika mkono. "Fundi, tushuke kwanza tuupime."

Mama yake Zainaba, aliyepanda gari naye, akasema tungoje kidogo. Nikaona wananichelewesha, nikaingia.

Katikati injini ikazima.

Maji yalipanda mpaka kwenye viti. Zainaba hakupiga kelele. Alinishika shati kwa nyuma akatamka shahada, polepole, kama mtu anayeaga. Nimekwisha kusikia shahada nyingi, lakini ile niliisababisha mimi.

Ng'ambo ikaja jipi ya mamluki, ina winchi ya kuvutia magari mbele. Mzungu mmoja alishuka, akatutazama, akapunga mkono, akaondoka. Nilimtukana matusi ambayo hata Kiswahili changu hiki hakitayaficha. Lakini si yeye aliyetuingiza mtoni.

Waliotuokoa ni wanakijiji. Wanaume walishikana mikono kuukinga mkondo, wengine wakaleta kitanda cha kamba, wakamtoa Zainaba dirishani na kumpandisha mabegani. Bakari alitangulia na fimbo, akitaja kila shimo. Ng'ambo hapakuwa na gari, kwa hiyo tulimbeba kwa miguu hadi mjini, tukipokezana. Mimi nilikataa kupokewa. Bega langu sasa limevimba, na sitaki mtu alikande.

Amejifungua adhuhuri. Mtoto wa kike, analia vizuri. Zainaba mwenyewe amepoteza damu nyingi na daktari hasemi neno zaidi ya tungoje.

Nilimfuata mumewe uani hospitalini. Nilimweleza yote: nilionywa mara mbili, kiburi changu ndicho kilichozamisha gari, mto hauna kosa. Nilidhani atanipiga. Nilitamani anipige.

Badala yake akaniuliza, "Dada yangu yuko kijiji kilekile cha mlimani, naye mimba yake imefika. Nani atamleta?"

Sikupata pa kujificha.

Nimemwambia nitamleta mimi. Kesho tunalivuta gari kwa kamba, tunaikausha injini, hata ikichukua wiki. Bakari atanifundisha mito ya kwao mmoja mmoja, na akisema tungoje, tutangoja. Nikiona aibu kufundishwa na mtu niliyemcheka, nitaiona nikiwa kazini. Meli ya Moroni ikija, itaondoka bila mimi.

Nimetoka msikitini sasa hivi. Nimeomba moja tu. Ya Rabi, mwache Zainaba aione kesho, amnyonyeshe binti yake. Kazi iliyobaki nitaifanya.