Gugu Lenye Dhamana ya Miaka Kumi

Jumatatu, 1 Juni
Nimechungulia dirishani kabla hata ya kupiga mswaki. Gugu limerudi! Machipukizi mekundu, manene kama kidole gumba, katikati ya mchicha wa Mama. Kampuni ya kuua magugu ililipiga dawa mwaka jana, ikanipa dhamana ya miaka kumi yenye bima: likirudi, wanatibu upya bure. Haya, limerudi. Nimewapigia, wakaniwekea muziki wa kusubiri kwenye simu kutoka hapa nyumbani Bladensburg, Marekani, mpaka nafika kazini Sterling. Wapuuzi wakubwa.

Jumatano, 3 Juni
Dalali anayeniuzia nyumba hii kapiga simu. Mnunuzi anaitaka nyumba, ila dhamana ihamie jina lake, la sivyo hanunui. Simlaumu. Gugu hili hupasua zege. Lakini mimi nimechoka na hii barabara ndefu ya kwenda kazini, mgongo umekwisha, na nimeshapata nyumba Herndon karibu na kazi. Kampuni bado kimya. Leo nimewatukana kwa Kiswahili, wajue wasijue.

Mama, aliyekuja kunitembelea kutoka Moshi, ananiambia nipunguze hasira. Nizipeleke wapi?

Ijumaa, 5 Juni
Mkaguzi wa kampuni kaja. Dakika mbili tu. Kachimbua kidogo, kaonyesha mizizi iliyokatwakatwa, kila kipande kimeotesha chipukizi. Akauliza, nani kalima hapa? Nikasema hakuna. Nimesimama juu ya tuta la mchicha, nasema hakuna! Mara Mama huyo, katoka na koleo aliloazima kwa jirani, anatabasamu, anamkaribisha mgeni mboga.

Ukurasa wa saba wa dhamana: ardhi iliyotibiwa isilimwe, isifyekwe, isichimbwe. Dhamana imekufa.

Nilimfokea Mama mbele ya yule mtu. Mama yangu mzazi. Nikamwambia asiguse kitu chochote ndani ya nyumba hii, chochote! Akajibu polepole: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na yeye ana mwezi wa pili, angekulaje bure? Nikazidi kufoka.

Jumamosi, 6 Juni
Mnunuzi kajitoa. Herndon basi tena.

Nina hasira. Na kampuni. Na mkaguzi na viatu vyake safi. Na mimi. Ukurasa wa saba sikuusoma. Yale matuta niliyaona yakichimbwa, nikayapiga picha, nikawatumia Wachagga wenzangu wa huku: Mama yangu kiboko! Wote wakasifia. Hilo sijamwambia.

Jumatatu, 8 Juni
Nimerudi mapema, jua bado kali. Mama yuko sebuleni kwenye kiti kile kile nilipomwacha asubuhi, mikono mapajani, kajitanda khanga. Vyombo vya chai viko mezani, havijaoshwa. Mchicha umenyauka. Hajala tangu asubuhi.

Kaniamkua kwanza yeye, mimi mtoto wake. Kisha kaniuliza kama anaruhusiwa kuwasha jiko.