Vichupa Kumi na Viwili

Jumatatu, 3 Machi
Nimepiga deki maabara nzima kabla ya saa mbili. Miaka thelathini na moja hakuna aliyenishinda kwa usafi, wala hajazaliwa. Yule binti mtafiti, mimi namwita Mjukuu, kanionyesha vichupa vyake kumi na viwili. Ndani mna protini, na punje ndogo kuliko vumbi. Gizani punje zimelala. Akiwasha taa yake ya kijani zinaamka, na protini inajikunja vingine. Nikamwambia, kama ute wa yai kikaangoni. Akacheka — babu, wewe ungefundisha hapa. Ningefundisha, kwani nini?

Jumanne, 4 Machi
Karatasi za kung'aa ambazo Mjukuu kafungia vichupa zimejaa alama za vidole. Aibu! Taa ya kijani nilihakikisha imezimwa. Nikazivua karatasi zote, vichupa nikavipanga dirishani penye jua, karatasi nikazisugua, nikavifunga upya. Sasa vinameta.

Jumatano, 5 Machi
Vichupa vimeingia ukungu. Protini imegandamana yote. Kazi ya miezi saba! Mkuu wake kamwambia mbele ya watu kwamba mikono yake si ya kazi hii. Naye anajilaumu, eti alikosea vipimo. Hajala. Mimi nilikuwa nakamua tambara. Taa ilikuwa imezimwa. Jua ni jua tu, limemdhuru nani?

Alhamisi, 6 Machi
Nimemuuliza juu juu, kama mtu anayeulizia mvua — hivi na jua nalo ni mwanga wa kuamsha zile punje? Akasema, babu, jua lina rangi zote, na kijani imo.
Chai nikaimwaga ndooni.

Ijumaa, 7 Machi
Mjukuu anafungasha. Barua ya kuacha masomo iko mezani, mkuu anakuja kuichukua saa nne. Mimi nimekaa koridoni, naandika juu ya goti. Nikisema, huenda wakanifukuza. Na mimi sijawahi kukosea, kila mtu hapa anajua. Nimewaambia mwenyewe.
Mke wangu asubuhi kaniuliza, mzee, umemeza nini siku mbili hizi? Nikamwambia sijameza kitu.
Mjukuu namwona kwa upenyo wa mlango. Kashika karatasi moja ya kung'aa, anazigeuza pembe zake. Zimekunjwa kama bahasha. Hakuna anayekunja hivyo jengo zima ila mimi.
Saa nne kasoro dakika kumi. Ndoo nimeiweka chini. Nimebisha.
Anasema, ingia babu, mlango uko wazi —