Alichosema Dada

4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama na goti limepunguza visa vyake. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha. Kazi ya mapokezi pale zahanati ni ile ile, watu wananinunia na mimi nawachekea. Ningekupigia simu, lakini najua masikio yako yaliishia kiwandani, utaishia kuniambia "eh?" mpaka salio likatike.

Nina jambo, na nimelizunguka kwa siku kadhaa sijui pa kulishika. Unawakumbuka wale waliopiga filamu ya kiwanda chenu? Sasa kuna watu wa jukwaani wameichukua ile filamu wameigeuza mchezo wa nyimbo. Ndiyo, mama, wa kuimba na kucheza. Mitambo ya kufumia wameichonga kwa mbao, wafumaji wanaimba, na paa linaanguka kwa taa na ngoma. Na dada yumo. Kuna msichana anayemwigiza.

Wameniandikia kwamba sisi kama familia tumewekewa viti viwili, mstari wa mbele, onyesho la mchana, siku yoyote tutakayochagua kabla hawajafunga mwishoni mwa mwezi wa tatu. Sijawajibu. Moyo mmoja unaniambia tusiende, tutakaa pale tuone kifo cha mtu wetu kikipigiwa makofi. Moyo mwingine unataka. Dada alipofariki mimi nilikuwa bado nafundishwa kusoma. Ninachomkumbuka ni mikono yake ikinisuka, na jinsi ninyi wawili mlivyokuwa mkisengenya watu mbele yangu kwa midomo tu, bila sauti, kama mlivyozoea kwenye kelele za mitambo, mimi nimekaa katikati kama mjinga. Nataka kumwona akitembea, hata kama ni wa kuazima.

Uamuzi ni wako. Ukisema hapana, na mimi siendi.

Wako akupendaye,
Mwanao


13 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nafurahi kikohozi kimekwisha, ila najua ukipona unaacha kuvaa sweta, kwa hiyo vaa. Goti langu halijapunguza visa, limepata na mwenzake la pili, sasa yananisemea yote mawili nikipanda ngazi. Nashona mapazia ya mama mwenye nyumba. Amechagua kitambaa cha mistari, na yeye mwenyewe hajui kusimama wima, lakini mistari anaitaka wima.

Kuhusu huo mchezo, hapana. Filamu yenyewe yenye mwanangu halisi sijaiona, nikaone ya kuigiza? Kila mwaka siku ile ikifika wanairudia kwenye televisheni, na kila mwaka naizima natoka nje kufua hata kama hakuna cha kufua. Najua wewe huwa unadhani ni uchungu. Uchungu upo, nani atakataa. Lakini kuna kitu kingine, na kwa kuwa umeniuliza kiutu uzima, nitakujibu hivyo hivyo.

Asubuhi ile wapiga filamu walikuwa ukumbini kwetu. Mimi na mkubwa wako tulikuwa tunatazamana, mitambo yangu upande huu wa njia, yake upande ule. Uzi ukanikatikia. Uzi ukikatika unageuka, unainama, unaunga, hutazami mtu. Nilipoinuka nikamkuta anafunga mdomo. Alikuwa amemaliza kusema kitu, na macho yake yalikuwa kwangu. Nikamuuliza kwa midomo, nini? Msimamizi akapita katikati yetu, akanituma stoo kuleta nyuzi. Nikiwa huko stoo paa likashuka.

Kamera ilikuwa inamwelekea yeye. Kwa hiyo alichosema kimo kwenye ile filamu. Wanaojua kusoma midomo wengi walibaki chini ya lile paa, lakini marehemu jirani yetu wa mlango wa bluu alinusurika, na alikwenda kuitazama ilipoonyeshwa mara ya kwanza. Alitoka huko moja kwa moja mpaka kwangu, anafuta macho, akasema, "Wacha nikwambie mwanao alisema nini." Nikamziba mdomo kwa kiganja changu hiki. Hakurudia tena mpaka anazikwa.

Kama mwanangu aliliona paa linapasuka, akaniita, na mimi nimempa mgongo, sitaki kujua. Nimeishi na kutokujua, nimezoea. Nikijua, nitaishi na nini?

Wewe nenda. Sikuzuii, yule ni dada yako. Mimi usinihesabu.

Mama yako


27 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Magoti je? Mimi mwili mzima, moyo sijui.

Nimekwenda. Nilikaa kwenye kiti changu, na chako nikakiwekea koti ili asikae mtu. Nitakwambia ukweli, si mchezo mbaya. Nyimbo nyingine zina makelele kuliko maneno, na msimamizi wamemfanya mnene mwenye sharubu kama jambazi. Lakini wale wafumaji wakisimama kwenye mitambo, jinsi wanavyonyoosha mkono na kurudisha, nikakuona wewe, kwa sababu hata ukikoroga chai unanyoosha hivyo.

Halafu kuna mahali, mama. Nilitaka kukuficha, nimeandika barua mbili nimezichana. Kabla paa halijaanguka nyimbo zote zinanyamaza, inabaki filimbi moja. Msichana anayemwigiza dada anaachwa peke yake kwenye mwanga wa buluu. Anatazama upande mmoja, kwenye giza. Anapeleka mkono nyuma, chini ya kiuno, anakunja uso, na midomo inakwenda bila sauti. Kisha anafumba macho na mabega yanatikisika. Ukumbi mzima unalia. Mimi pia nililia mpaka mama wa kiti cha jirani akanipa leso.

Baada ya onyesho nilimfuata. Ni binti mpole, sauti ndogo. Nilimuuliza pale alikuwa anasema nini. Akaniambia hajui. Amekitazama kile kipande cha filamu mara nyingi mno mbele ya kioo, akaiga midomo ilivyokwenda, mkono ulivyokwenda, kila kitu, bila kujua maana yake. Wakubwa wake wanasema ilikuwa sala. Alinishika mikono akaniomba radhi, eti labda hana haki ya kuisema.

Kwa hiyo maneno yake yamo, mama. Yule binti anayasema kila siku mchana, na hakuna hata mmoja pale anayeyaelewa. Mimi pia nilimtazama kama mjinga, kama zamani.

Mwanao


14 Machi

Mama,

Shikamoo. Hujanijibu. Nimemwomba yule jirani yako mwenye duka apite kukutazama. Kasema uko, unashona, hutaki maneno. Kama nimekosea kukuandikia yale, nigombeze, lakini uandike. Hata mstari mmoja.

Mwanao


19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hujakosea. Na usinitumie tena yule mwenye duka, amekula biskuti zangu zote.

Tangu barua yako, dada yako yumo ndani. Sisemi ndotoni. Nakaa kwenye cherehani mchana kweupe, nikiinua kichwa amesimama mbele ya mapazia, mkono nyuma, uso umekunjamana, midomo inakwenda. Mimi niliyekuwa nasoma midomo kutoka mwisho wa ukumbi mpaka mwisho, siwezi kumsoma mwanangu aliye hatua chache kutoka kwangu. Nikimuuliza nini, anafumba macho. Jana alisimama jikoni mpaka maji yakakauka na sufuria ikaungua. Naona mkono ule mgongoni na nasema ameumia, alikuwa ameumia tayari, alikuwa ananionyesha panapouma.

Nilidhani kutokujua ni amani. Si amani, alikuwa amekaa tu nje ya mlango ananisubiri, na sasa ameingia. Naogopa, mwanangu. Sina aibu kukwambia. Lakini afadhali nimfuate mimi nikamsikilize, kuliko anifuate yeye chumba hadi chumba.

Waambie watu wako kiti changu wakiache. Nakuja na basi la alfajiri. Usinipikie mambo makubwa, sitakula.

Mama yako


25 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo unisamehe kabla hujaendelea kusoma.

Ulikuja, ukakaa, ukanishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Nilikuwa nakuombea. Filimbi ikaanza, mwanga wa buluu ukashuka, yule binti akageuka upande wetu akasema yale maneno yake yasiyo na sauti. Watu wote wanalia. Na wewe ukacheka.

Si kutabasamu, mama. Ulicheka kile kicheko chako cha jikoni, ukajipiga paja. Mstari mzima ukatugeukia. Mzee mmoja akasema shii. Nikatamani ardhi inimeze. Halafu ukajifunika uso kwa mtandio, nikadhani sasa umeelewa ulipo, kumbe ulipouondoa ulikuwa unamwangalia binti wa watu na midomo yako inakwenda. Naye akakuona. Nilimwona akisita, kama mtu aliyeitwa jina lake na asiyemjua. Filimbi ilibidi irudie.

Tulipotoka hukusema neno. Ulikunywa chai, ukalala, asubuhi ukapanda basi ukanipungia kana kwamba ulikuja kunitembelea tu. Mimi nimebaki huku najiuliza kama mama yangu ameanza kuchanganyikiwa, au kama ninyi wawili mmenisengenya tena mbele ya macho yangu.

Alisema nini?

Mwanao


31 Machi

Mwanangu kitindamimba,

Marahaba, na hasira zako nimezipokea, una haki nazo. Nilifika salama. Magoti yalilalamika njia nzima kuliko mtoto wa kunyonya. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa sijui nianzie wapi, na kwa sababu nilitaka nikae naye peke yangu kidogo. Sasa nakwambia.

Wale wapiga filamu walikuwa na mwenzao bonge, kazi yake ilikuwa kuburura nyaya. Asubuhi ile alikuwa kati ya kamera na mtambo wa dada yako, ameinama chini, nje ya picha, anafungua nyaya zilizomkwama, amempa dada yako makalio. Mkono ule wa nyuma haukuwa wa kuumwa. Alikuwa ananionyesha mahali. Alisema hivi, polepole, kama tulivyokuwa tukisema ili mtu asome vizuri: "Mama, usicheke. Suruali ya huyu bwana imechanika nyuma. Chupi ina maua."

Basi. Ndiyo sala yenyewe. Uso aliukunja kwa sababu alikuwa anajizuia, msimamizi hakuwa mbali. Mabega yalimtikisika kwa sababu alishindwa kujizuia. Yule binti wa jukwaani ameyashika yote, hata pale kwenye "maua" ambapo mkubwa wako alikuwa na kawaida ya kubetua mdomo. Ameyashika sawasawa, ila yeye anayalilia.

Nilicheka kwa sababu kilikuwa kichekesho, na nilikuwa nakisikia kwa mara ya kwanza. Ulitaka nifanyeje?

Paa lilikuwa bado liko juu, mwanangu. Hakuwa na hofu yoyote. Alikuwa na kitu cha kuchekesha na anatafuta mtu wa kucheka naye, na mtu huyo nilikuwa mimi. Hilo limenipa raha, na limeniuma pabaya kuliko nilivyoogopa. Jirani yangu alisimama mlangoni anafuta machozi ya kucheka na ya kulia kwa pamoja, amebeba zawadi ya mwanangu, nikamziba mdomo. Miaka yote hii nimekuwa namkimbia mtoto aliyekuwa ananiletea utani. Jana nimelia kwa ajili ya hilo, nimelia kwa sauti, mama mwenye nyumba akaja kuuliza kama ni mapazia.

Usiwaambie wale watu. Yule binti akijua atataka kuchekesha, ataharibu. Hivi sasa anayasema vizuri kabisa, na wenye kulia waachwe walie, nao wana yao. Wewe ukipata likizo njoo, nitakufundisha midomo. Ningekufundisha zamani, lakini sikuwa na mtu wa kusema naye, na kumfundisha mtu kitu hicho ukiwa na huzuni ni kazi.

Unaniuliza nilikuwa namwambia nini. Najua hakuwa yeye, sijachanganyikiwa. Ni binti wa watu amepakwa poda. Lakini alikuwa amenitazama usoni, amesema nami, na safari hii uzi haukukatika. Nikamjibu kama ambavyo ningemjibu siku ile. Nikamwambia, "Nimeiona. Geuka, msimamizi anakuja. Tutacheka nje."

Mama yenu