Aliyejibu Juu ya Mshokishoki

Lubuk Pauh, 2 Machi 1964

Kwako Baba Suria,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, ila goti la mama yako linamuuma kila mvua ikikaribia. Wewe je, homa imekuachia? Huko kwenye kambi ya magogo mnakula vizuri?

Nina ugomvi na wewe. Jumamosi umekuja nyumbani ukaondoka bila kuingia. Kwa nini?

Unajua mama alivyoapa: ule mduriani ambao marehemu baba aliuita Jicho-la-Siku, yaani jua, kwa nyama ya njano ya matunda yake, usipozaa mwaka huu unakatwa. Basi Mzee Kulup akaja na panga kuutisha. Lakini wa kupanda mshokishoki ulio kando na kuujibia mti hakuna, kazi hiyo ni yako kila mwaka. Mama akasema, "Uliza tu, mti una masikio."

Mzee akagonga shina. "Wewe! Utazaa au huzai? Nakukata!"

Nikamcheka. "Mzee, utajiuliza na kujijibu?"

Ndipo ikatoka sauti juu ya mshokishoki: "Nitazaa. Msinikate." Sauti yako! Halafu ukaimba ule wimbo wa redio uliotupatia jina la mtoto wetu, maana Suria ni jua:

*Jicho la siku, usifumbe bado,
ndizi ya dhahabu haijaiva.*

Mzee Kulup alitupa panga akakimbia, msuli aliojifunga kiunoni ukabaki kwenye miiba. Mama akasema, "Mwanangu huyo, tangu utotoni mzaha tu." Nikauzunguka mti, sikukuona. Usinifanyie hivyo tena. Suria hajakuona tangu aote jino la kwanza.

Mkeo,
Mama Suria

*

Kambini, 19 Machi 1964

Kwako Mama Suria,

Waaleikum salaam. Barua imenifikia, nami nipo, ila si mzima sana. Nibusie mtoto, nishikie mama miguu.

Mke wangu, sikuja. Jumamosi hiyo nilikuwa kitandani, homa imepanda, wenzangu wamenishika mikono na miguu. Lakini hayo unayosema nayakumbuka. Nilikuwa juu, mikono imekauka kama matawi, na chini yuko mtu na panga. Niliogopa, nikajibu. Nikakuona utosini, umejifunga kitambaa cha kijani. Ni kweli ulikifunga?

Nikangoja mtu aniambie shuka, kama desturi yetu. Hakuna aliyesema. Mkaondoka.

Tangu siku hiyo chakula hakina ladha. Nataka kukaa juani tu. Wenzangu wananitania, "Deris, tukumwagilie maji?" Nacheka nao, lakini mama Suria, nikisimama muda mrefu miguu inakuwa mizito kuinuka.

Mumeo,
Baba Suria

*

Lubuk Pauh, 11 Aprili 1964

Kwako Baba Suria,

Asalaam aleikum. Sitauliza hali, naiogopa. Suria anatambaa, anakula udongo, mzima.

Kitambaa kilikuwa cha kijani.

Na mduriani umetoa maua, kila tawi limejaa. Majirani wanakuja kutupongeza, mimi naingia ndani. Nimemuuliza Mzee Kulup. Anasema anayejibia mti ni mti, mpaka aitwe kwa jina lake na kuambiwa ashuke. Sisi tulisahau kwa sababu hatukuona wa kumshusha.

Nikamwambia mama tukuite leo leo. Akasema, "Homa tu hiyo. Ukimwita maua yatapukutika. Mti wa mume wangu huu, ngoja tuvune kwanza."

"Mama, duriani au mwanao?"

Alilia, nami nikalia. Lakini amekubali. Ijumaa ijayo, jua likichomoza, tutakuita. Siku hiyo usikae peke yako. Vaa nguo ya joto. Utapona, naamini.

Mkeo,
Mama Suria

*

Lubuk Pauh, 2 Mei 1964

Kwako Baba Suria,

Asalaam aleikum popote ulipo.

Jibu lako halijaja. Wamekuja wenzako walioshusha magogo mtoni. Wanasema Ijumaa ile uliamka kabla yao ukaenda zako, hukuaga, na viatu umeviacha chini ya kitanda. Wamekutafuta hadi kijiji cha pili.

Sisi tulikuita kama nilivyosema. Mama mwenyewe ndiye aliyeita, "Deris, shuka mwanangu, wali umeiva." Mshokishoki ukatikisika na upepo hakuna. Maua ya mduriani yote yakaanguka kwa mara moja, uwanja ukawa mweupe. Mama hakuyatazama hata kidogo. Alikuwa anatazama juu.

Suria nilikuwa nimempakata. Akaigeukia ngazi ya nyumba, akacheka, akasema, "Ba." Hajawahi kulisema neno hilo. Kila asubuhi sasa analisema, akitazama palepale.

Mzee Kulup ananiambia nisiweke matumaini. Namwambia njia ni ndefu, na mtu aliyetoka kwenye homa hutembea polepole. Mama anapakua sahani yako kila mlo.

Barua hii sijui niitume wapi. Nitaiacha ngazini na jiwe juu yake. Kama bado uko njiani, maji ya kunawa miguu yapo mtungini. Na kama umeshafika, ila ni sisi tusiokuona, basi usisimame nje. Panda hivyo hivyo. Mwanao hakuogopi, na mimi nitajifunza.

Mkeo,
Mama Suria